Kabla Hujaipeleka Mota Kusukwa

Kichwa cha mashine ya kupasulia mbao, ile sehemu inayobeba msumeno na injini yake, kikigoma kupanda, kauli ya kwanza kusikika porini ni ile ile: "Bosi, mota imeungua hii." Ikishatamkwa, hakuna anayeuliza zaidi. Mota inafunguliwa, inapakiwa kwenye bodaboda, inapelekwa mjini kusukwa, na mashine inasimama huku magogo ya paini yakianza kushika ule ubluu wa ukuvu ambao mnunuzi atautumia kushusha bei. Fundi wa kusuka naye hana sababu ya kubisha, kaletewa kazi. Mota inarudi na waya mpya, inafungwa, inafanya kazi siku chache, halafu inagoma vilevile.

Inagoma tena kwa sababu mara nyingi haikuwa imeungua. Umeme ulikuwa unapotelea njiani, kati ya betri na mota, na kusukwa hakukugusa njia hiyo. Kinachowachanganya watu wengi, mafundi wakiwemo, ni kwamba ukipima njia hiyo kwa mita inaonekana nzima kabisa.

Kwanza tujue tunazungumzia mota ipi. Ukipita Mafinga, kandokando ya shamba la miti la Sao Hill, mashine unazozikuta kwa wingi ni dingdong: msumeno wa duara, injini ya dizeli, na watu wa kusukuma gogo. Hizo hazituhusu leo. Tunazungumzia mashine ya msumeno wa utepe, ile inayovutwa kwa gari hadi yalipo magogo, kama LT40 ya Wood-Mizer ya Marekani na nyingine zinazofanana nayo. Watu wanaipenda kwa sababu utepe unakula milimita 2 hadi 3 tu za mti kila unapopita, wakati msumeno wa duara unakula hata mara mbili ya hapo na kuugeuza mti kuwa vumbi. Utepe wenyewe unazungushwa na injini. Lakini kazi ya kupandisha na kushusha kichwa, na ya kukisukuma kwenye reli, kwenye mashine nyingi za aina hii inafanywa na mota ndogo za volti 12 zinazotumia umeme wa betri. Zina ukubwa wa kushikika kwa mikono miwili, na ni ndugu wa karibu wa stata ya gari.

Ndani ya gamba la chuma kuna sumaku zilizobandikwa kwa gundi. Katikati inazunguka amecha, ambayo ni shafti iliyosukwa waya wa shaba, na mwisho wa amecha kuna komyuteta, pete ya vipande vya shaba vilivyotenganishwa kimoja na kingine. Kaboni mbili au nne zinasukumwa na springi kuigusa pete hiyo, na hapo ndipo umeme unapoingia na kutoka. Sehemu inayolika kwa kusuguana, ukiacha beringi, ni hizo kaboni na pete yake.

Kwa nini mita inasema uongo

Hapa twende polepole, maana ndiko kuliko na fundo.

Mota ya namna hii ikizunguka inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inavuta umeme, lakini pia inazalisha umeme wake inaoupeleka kinyume, kama dainamo ya baiskeli. Kadiri inavyokwenda kasi ndivyo umeme huo wa kinyume unavyopanda na kuzuia ule wa betri usiingie kwa wingi. Chukua mfano wa mota ambayo waya zake na kaboni zake kwa jumla zina ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa omu 0.1. Ikiwa inapandisha kichwa kwa utulivu na kuvuta ampea 25, ukinzani huo unakula volti 2.5 tu. Zile volti 9.5 zinazobaki zinapambana na umeme wa kinyume, na huko ndiko kwenye kazi halisi: kama wati 237 zinakwenda kuinua kichwa, na wati 62 hivi zinapotea kuwa joto.

Sasa fikiria mota hiyo imesimama, ndiyo kwanza umebonyeza swichi. Haizunguki, kwa hiyo hakuna umeme wa kinyume. Kinachoizuia betri ni ile omu 0.1 peke yake. Volti 12 ukigawanya kwa 0.1 unapata ampea 120. Ni wati 1,440, na zote ni joto, kwa sababu hakuna kilichosogea bado. Kwa sekunde moja haina neno. Mota inaanza kuzunguka na ampea zinashuka. Ikikwama hapo kwa nusu dakika huku mtu kang'ang'ania swichi, vanishi inayofunika waya inaanza kunuka. Hiyo ndiyo namna mota hizi zinavyoungua kweli.

Tuweke ubovu mdogo njiani. Kichwa cha betri kimeota kutu nyeupe, au nati ya kebo imelegea kwa mtikisiko, na pale pameongezeka ukinzani wa omu 0.06. Ni kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukionyesha kwa uhakika. Lakini mota ikitaka kuanza, jumla ya ukinzani sasa ni 0.16, na ampea zinazopatikana ni 75 badala ya 120. Nguvu ya mota ya sumaku inafuata ampea moja kwa moja, kwa hiyo nguvu ya kuanzia imeshuka kwa zaidi ya theluthi. Kichwa kizito hakinyanyuki. Wakati huo huo ile nati iliyolegea inachemka kwa wati zaidi ya 300.

Ndipo fundi anapochukua mita yake, anachomoa waya kwenye mota, anagusisha ncha mbili, na kusoma volti 12.6. "Umeme unafika, mota ndiyo mbovu." Kasoma sawa, lakini hitimisho ndilo lililopotoka. Mita yenyewe inavuta umeme mdogo mno, na ukinzani haupotezi volti yoyote kama hakuna ampea zinazopita. Hata waya uliobakiwa na nyuzi mbili tu za shaba utakuonyesha volti 12.6 zote ukiupima hivyo. Utie mzigo ndipo ujue.

Kwa hiyo kipimo cha maana ni kimoja, na kinafanyika mota ikiwa imeunganishwa na mtu mwingine akiwa amebonyeza swichi ya kupandisha. Ncha nyekundu ya mita ishike nguzo ya chanya ya betri, ile risasi yenyewe na siyo kibano kilichoizunguka. Ncha nyeusi ishike nati ya chanya ya mota. Bonyeza. Namba utakayoiona ndiyo volti zilizopotea njiani upande huo. Ikiwa chini ya nusu volti hivi, upande huo hauna tatizo. Ikiwa volti 1.5 au 2, umempata mwizi, na kazi iliyobaki ni kusogeza ncha ya mita kiungo kwa kiungo hadi uone namba inaporuka. Kisha rudia upande wa hasi, ambao watu wengi hawaupimi kabisa. Kwenye mashine hizi hasi mara nyingi inarudi kupitia chasisi, na bolti ya kuifunga kebo kwenye chasisi imekalia rangi na kutu.

Pima pia betri yenyewe wakati huo huo. Ikishuka chini ya volti 10 mota inapovuta, acha mota, shughulika na betri. Na injini ikiwa inanguruma kwa mwendo wa kazi, betri inapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.4, ikibaki 12.4, altaneta haichaji, na kila jioni kichwa kitapanda kwa uchovu kuliko asubuhi.

Kebo nayo ni kesi. Mtu akikatikiwa na kebo ya asili, anatafuta waya uliopo karibu, na uliopo karibu ni wa nyumba, wa milimita za mraba 2.5. Kwa safari ya mita 8 kwenda na kurudi, waya huo una ukinzani wa karibu omu 0.058. Kwa ampea 40 unakula zaidi ya volti 2, ukiwa mpya, ukiwa umefungwa vizuri. Kebo ya milimita za mraba 16 kwa umbali huo huo inakula chini ya volti 0.4. Hakuna ufundi wa kusuka utakaofidia hapo.

Mota haina upande

Kuna dalili moja inayokupa jibu bila mita. Mota ya sumaku inazunguka kulia au kushoto kutegemea tu chanya iko waya upi. Yenyewe haijui mbele wala nyuma. Kama mota ya kusukuma kichwa inakwenda mbele vizuri na kurudi inagoma, usiifungue. Ubovu uko kwenye swichi au rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya upande ule. Ndani ya swichi utakuta kidole kimoja cha shaba kimeliwa na cheche hadi kuwa na mashimo meusi, na mwenzake anang'aa.

Kwa mota ya kupandisha, dalili hiyo itumie kwa tahadhari, maana kushuka kunasaidiwa na uzito wa kichwa. Kichwa kinachoshuka sawa lakini hakipandi kinaweza kuwa na swichi mbovu, lakini kinaweza pia kuwa na ule upotevu wa volti tuliouona juu, au nguzo zilizoganda utomvu. Utomvu wa paini ukichanganyika na vumbi la mbao unakuwa gundi ngumu kwenye njia ya kupandia, na cheni isiyopata mafuta inamalizia. Zungusha kwa mkono au inua kidogo kwa jeki ujue kinasogea kwa uzito gani kabla ya kuilaumu mota kwa kushindwa kubeba ambacho haikutengenezewa kubeba.

Kuhusu kubadilisha swichi: tafadhali, swichi ya taa ya ukutani isitumike. Imetengenezwa kwa ampea 10 hivi za umeme wa TANESCO, ambao unapita sifuri mara 100 kwa sekunde na hivyo kuzima cheche wenyewe. Umeme wa betri haupiti sifuri. Cheche ikiwaka swichi inapofunguka, inaendelea kuilamba shaba hadi nafasi iwe pana ya kutosha. Tumia rilei au solenoidi iliyoandikwa ampea zake za umeme wa betri. Na ile breka ndogo inayojikata na kujirudisha yenyewe kila mota inapokwama, usiiunganishe kwa waya ili "isisumbue". Inasumbua kwa sababu inaona kitu ambacho wewe hujakiona bado.

Ukishalazimika kuifungua

Njia ni nzima, betri nzima, swichi nzima, na mota bado imelala. Haya, sasa inafunguliwa. Chomoa hasi ya betri kwanza. Halafu, kabla hujalegeza bolti hata moja, weka gogo imara chini ya kichwa. Kwenye baadhi ya mashine kinachokizuia kichwa kisidondoke ni mota hiyo hiyo na giaboksi yake, na kichwa chenye injini juu yake kinaweza kuvunja mkono wa mtu.

Mota ikishatoka, iachie giaboksi au cheni ili shafti iwe huru, na ufanye kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote. Zungusha shafti kwa vidole: inateleza, na mivuto ya sumaku unaihisi kwa mbali. Sasa gusanisha waya mbili za mota zenyewe kwa zenyewe, uzishike pamoja, uzungushe tena. Ikiwa shafti imekuwa nzito kama inazungushwa ndani ya asali, basi sumaku zipo, amecha inazalisha, na kaboni zinagusa. Mota hiyo haijaungua. Ikiwa haina tofauti yoyote, umeme haupiti ndani, na mshukiwa wa kwanza ni kaboni. Ikiwa nzito hata kabla ya kugusanisha waya, beringi zimekufa au kuna amecha iliyopata shoti.

Weka alama ya bisibisi kwenye gamba na kwenye vifuniko vyake viwili, mstari mmoja unaopita vyote vitatu. Mota ya sumaku mbili ukiifunga gamba likiwa limegeuka nusu duara itazunguka kinyume, na utabonyeza juu kichwa kikashuka. Toa bolti mbili ndefu. Usigonge gamba kwa nyundo. Sumaku zile ni za aina inayopasuka kama kigae, na ikibanduka moja inaisaga amecha. Na angalia unafungulia wapi. Kwenye kambi ya mbao meza ya mafundi ndiyo hiyo hiyo inayonolewa utepe kwa grenda, na imejaa unga wa chuma. Sumaku zikishaunusa unga huo hautoki kwa kupuliza wala kwa kitambaa. Unatoka kwa kubandika na kubandua tepu ya karatasi yenye gundi, tena na tena, na ukibaki unakwaruza vanishi hadi waya uwe uchi. Tandika gazeti safi mahali pengine.

Ndani utakuta vumbi. Katika asubuhi za ukungu za Mufindi vumbi la mbao linavuta unyevu, linachanganyika na unga mweusi wa kaboni, na matokeo yake ni uji unaoganda ndani ya vijumba vya kaboni. Kaboni inaweza kuwa ndefu bado, lakini imekwama kwenye kijumba na springi haina nguvu ya kuisukuma. Ninaamini hili ndilo linaloua mota nyingi za mashine za mbao kuliko kuungua. Safisha kijumba, futa pande za kaboni, hakikisha inapanda na kushuka kwa kusukumwa na springi peke yake. Kaboni iliyobaki theluthi ya urefu wake badilisha.

Na hapa kuna kosa la madukani. Kaboni za grenda na drili zinapatikana kila mahali, zinachongeka kwa msasa, na watu wanazichonga zikaingia. Hizo zimetengenezwa kwa volti 230, ni kaboni tupu nyeusi. Kwenye umeme mkubwa namna hiyo kupoteza volti moja kwenye kila kaboni si kitu. Kwenye mota ya volti 12 umetupa volti mbili kabla kazi haijaanza, na kaboni inachemka. Kaboni ya mota ya betri imechanganywa na unga wa shaba. Ikwaruze utaona inang'aa wekundu. Kwa hiyo nenda kwa fundi wa stata za magari, uchonge kaboni ya stata iliyo kubwa kidogo kuliko unayohitaji.

Komyuteta iangalie kwenye mwanga wa jua. Rangi ya kahawia iliyokolea, laini, iliyoenea sawa, ni afya; usiisugue. Ikiwa nyeusi na yenye mikwaruzo, izungushe ndani ya msasa laini wa kawaida, siyo ule wa kitambaa wa kusugulia chuma, maana chembe zake zinazama kwenye shaba na kuzila kaboni. Baada ya hapo safisha mifereji kati ya vipande. Lakini ukiona kipande kimoja au viwili vimeungua na vingine vyote ni vizuri, hapo kuna waya uliokatika au kuachia kwenye amecha, mara nyingi pale pale ulipochomelewa kwenye kipande. Wakati mwingine risasi ya kulehemu na chuma cha moto vinatosha.

Kuijua amecha kama ina shoti bila kifaa cha dukani kunawezekana. Unganisha betri na taa ya mbele ya gari ya wati 55 kwa mfululizo, kisha pitisha umeme huo kwenye amecha kupitia vipande viwili vinavyotazamana vya komyuteta. Taa inazuia ampea zisizidi nne na nusu hivi. Weka mita kwenye milivolti, pima kati ya kipande na jirani yake, ukizunguka pete nzima. Namba zinapaswa kufanana. Ikishuka ghafla kati ya vipande viwili, waya wa hapo umegusana. Ikipanda sana, umekatika. Kisha kwa upande wa omu pima kati ya vipande na shafti; mita ionyeshe hakuna njia kabisa. Ikionyesha njia, insulesheni ya amecha imekufa.

Hapo tu ndipo kusuka kunapokuja. Na ukimpelekea fundi, mpe sharti: waya wa unene ule ule na mizunguko idadi ile ile, avihesabu mbele yako kabla ya kukata. Waya mwembamba unaingia kwa urahisi kwenye mifereji na kumrahisishia kazi, lakini ukinzani unaongezeka na mota itachemka kwa mzigo ambao zamani iliubeba bila kulalamika. Kwa mota ndogo sana, yenye amecha iliyochomelewa kiwandani, linganisha gharama yake na amecha nyingine iliyotumika kabla hujaanza.

Wakati wa kufunga, washa mota ikiwa mezani kwanza, kisha kwenye mashine pima ampea kwa mita ya kubana kebo, kichwa kikipanda bila utepe kukata kitu. Iandike namba hiyo kwa makapeni ndani ya kifuniko cha betri. Siku kichwa kikianza kupanda kwa uvivu, ampea zikiwa zile zile tatizo ni volti. Zikiwa zimepanda, kuna kinachokwamisha au mota inaanza kuharibika. Na gamba lenye tundu dogo la kutolea maji lifungwe tundu likiangalia chini, bila kulipaka silikoni.